Mwembe Umezidi, Jirani Yupo: Kugawana Mavuno ya Uani Bila Kuzua Maneno

Kila Novemba inapokaribia, maswali yenu hufanana. Mmoja ana mwembe uliozaa hadi matawi yanalalia bati. Mwingine amechoka kula matembele, na kuku nao wameyakinai. Wa tatu alimpelekea jirani mapapai mawili makubwa, yakapokewa kwa shukrani nyingi, kisha kimya, na sasa wakikutana njiani mmoja huvuka upande wa pili. Wengi wenu mko Goba, Kinyerezi, Chanika, Kibaha na kwingineko pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako mtu bado ana kiwanja cha kutosha miti mitatu minne na tuta la mboga, lakini ukuta umepanda juu kiasi kwamba hajui hata jina la mtu wa upande wa pili.

Jambo moja nilitangulize, maana mengine yote yanatoka humo. Ukimpa mtu na usimwachie nafasi ya kukupa, umemwekea deni, na mwenye deni hukwepa njia ya anayemdai. Ndiyo asili ya ule ukimya wa mapapai. Kwa hiyo tuanzie uani kwa mwenzako. Kikapu chako tutakifikia.

Anza kwa kuomba

Wiki moja au mbili kabla maembe hayajakomaa, nenda kwa jirani unayemlenga ukaombe kitu kidogo. Kiwe kitu ambacho akikutolea hapungukiwi:

- shina la mchaichai au kitawi cha mrehani;
- mbegu za bamia au za maboga alizokausha mwenyewe;
- kuazima upembo, ngazi, ungo au toroli;
- ushauri: "Shikamoo mzee. Mpapai wangu mwaka wa pili huu unatoa maua tu, tunda halishiki. Utakuwa dume?"

Mtaniambia, "Jirani yangu hana hata mche wa pilipili." Basi ana ngazi. Au ana kijana anayejua kukwea. Au ni bibi anayejua mlenda unavyopikwa ukatulia, jambo ambalo wengi waliokulia mjini hawalijui. Sijawahi kuona nyumba isiyo na kitu cha kuombwa. Kigumu ni kukubali kwamba wewe mwenye mwembe, geti na gari unaweza kusimama mlangoni kwa mtu ukasema "naomba". Ukishaweza hilo, siku utakayokwenda na maembe yatapokewa kama zamu yako imefika. Mwenye nyumba hatajiona anahurumiwa.

Ulichoazima kirudishe siku uliyoahidi. Upembo uliokaa kwako mwezi mzima umeharibu yote uliyotaka kujenga.

Ziada ni ipi hasa

Kosa la kawaida kuliko yote ni kugawa kilichobaki. Watu husubiri hadi maembe yameiva yote kwa mpigo, nusu yameanguka, mengine yametobolewa na popo, ndipo wanakumbuka kwamba kuna majirani. Jirani anajua embe lililookotwa chini. Atalipokea kwa heshima, na atakapofunga mlango atalitupa.

Ziada iamuliwe tunda likiwa bado mtini. Fanyeni hivi nyumbani:

1. Kaeni na wenzenu mkubaliane: wiki hii tutakula kiasi gani, na nani katika ndugu lazima apelekewe. Mama mkwe aliye Mbagala asije akasikia kwamba mtaa mzima ulikula maembe yeye asipate.
2. Angalieni tawi lipi litakomaa kwanza. Hilo liwe la majirani.
3. Yaliyo mazuri yatoke. Yenye doa, yaliyodondoka bila kupasuka, yaliyopigwa na jua yabaki kwenu. Yanafaa sana kwa juisi, achari na kukausha.

Kama mnakaa nyumba ya kupanga yenye uani mmoja, mti una mwenyewe. Muulizeni mwenye nyumba mapema, tena mbele ya wapangaji wote. Ugomvi mwingi wa maembe kwenye nyumba za kupanga hutokana na mpangaji mmoja kugawa kwa marafiki zake kitu ambacho wengine walidhani ni cha wote.

Kuangua na kuvuna

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu zawadi nyingi huharibika kabla hazijatoka getini.

Embe huanguliwa likiwa limekomaa, lisiwe limeiva. Tazama mabega yake, pale karibu na kikonyo: yakishajaa na kuinuka, limekomaa hata kama bado ni kijani. Liangue likiwa na kikonyo chake, urefu wa ncha ya kidole. Kikonyo kikichomoka, utomvu humwagika juu ya ganda na kulibabua, na siku mbili baadaye unaona michirizi myeusi kana kwamba mtu ameliunguza. Utomvu huo huo huchubua ngozi ya watu wengine, hasa midomo ya watoto, kwa hiyo yalaze kwenye majani makavu vikonyo vikitazama chini, yachuruzike kwanza, kisha uyafute. Usitikise tawi. Embe lililoanguka kutoka juu linaweza kuonekana zima, lakini ndani limeshavia na litaoza kuanzia hapo.

Upembo wenye kijifuko cha wavu mdomoni unatosha kwa miti mingi ya mjini. Kwa mwembe mkubwa wa dodo, tafuta anayejua kukwea na umlipe. Tafadhali usimpandishe mtoto wa jirani kwa ahadi ya maembe kumi. Tawi la mwembe likilowa mvua za vuli huteleza.

Mengine kwa ufupi:

- Parachichi haliivi likiwa mtini. Lipeleke gumu, umwambie mpokeaji aliweke karibu na ndizi mbivu ndani ya karatasi kama ana haraka.
- Papai livunwe mstari wa njano unapoanza kuonekana. Likishakuwa njano lote, ndege wamekuwahi.
- Ndizi: kata mkungu vidole vikiwa vimeviringa, kingo zimepotea, na ugawe kwa vichane zikiwa mbichi. Mkungu mzima kwa nyumba moja ni mzigo.
- Mchicha, matembele, msusa, chainizi: chuma jioni jua likishapoa, peleka saa hiyo hiyo, umefunga kwenye kitambaa chenye unyevu. Usioshe kabla ya kupeleka, mboga iliyooshwa huoza haraka.
- Muhogo ukishachimbuliwa una siku mbili tatu tu kabla haujaanza kuwa na mistari myeusi ndani. Chimbua utakaobebwa leo. Ghala lake ni ardhi.
- Fenesi ndilo tunda la ujirani kuliko yote, kwa sababu moja linaweza kupita kilo 20 na hakuna familia inayolimaliza. Lakini likipasuliwa lazima liliwe siku hiyo. Waite watu kwanza, kisu baadaye. Paka mikono na kisu mafuta ya kula, la sivyo ulimbo utakaa nawe hadi kesho.

Chombo utakachobebea

Wanaotoka Pwani na Visiwani wanaijua desturi: sahani ya jirani hairudi tupu. Ramadhani inapoingia utaona bakuli la futari likienda na magimbi, likirudi na tambi. Ni desturi nzuri mno kwa walio na kitu cha kurudisha. Kwa asiye nacho ni mateso. Nimeona bakuli zuri likikaa juu ya kabati la mama mmoja miezi mingi, si kwa sababu alitaka kulichukua, ila aliona aibu kulirudisha likiwa tupu, na kila lilivyokaa aibu ikaongezeka.

Dawa yake ni kupeleka kwenye kitu kisichorudishwa. Pakacha la makuti linafaa kuliko vyote: linasukwa kwa muda mfupi kutoka kwenye kuti bichi, linapitisha hewa, linabeba maembe mengi bila kuyabana, na likimaliza kazi linaingia jikoni kuwashia moto. Kama hamna minazi, jani la mgomba lililopashwa moto kidogo ili lisipasuke hufunga mboga vizuri. Karatasi la gazeti linatosha kwa parachichi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilishapigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata kama isingekuwa hivyo, matunda ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza.

Chombo cha kurudishwa kipeleke kwa yule tu ambaye mmeshazoeana, tena mwambie mlangoni: "Hilo sado nitalipitia kesho mwenyewe." Ukilifuata mwenyewe, hana haja ya kutafuta cha kulijazia.

Kubisha hodi

Mara ya kwanza nenda wewe. Usimtume mtoto, usimtume dada wa kazi, usimwachie mlinzi getini. Mzigo ulioachwa kwa mlinzi unageuka kifurushi cha kusafirishwa, na sura yako haijaonekana.

Saa nzuri ni kati ya alasiri na magharibi. Asubuhi watu wana haraka. Usiku geti likigongwa watu hushtuka. Wakati wa chakula utawalazimisha wakukaribishe.

Maneno yawe machache, na uzito wa jambo ubaki kwako:

"Hodi hapa."
"Karibu."
"Mama, habari za tangu asubuhi? Mimi wa nyumba ile yenye mwembe. Mwaka huu umetuzidi, tunaomba mtusaidie."
"Jamani, karibu ndani."
"Nitarudi siku nyingine, mama, nimeacha jiko."

Inatosha. Ukishaondoka, mpokeaji hana hotuba ya kukumbuka. Epuka mambo haya:

- Kutaja bei. "Hizi sokoni sasa hivi ni ghali kweli" ni kumwonyesha risiti.
- Kupeleka mengi. Nyumba ya watu wanne ipate maembe sita au manane. Ukipeleka debe, umempa kazi ya kutafuta pa kuyapeleka, naye hatathubutu kukwambia.
- Kupiga picha na kuirusha kwenye kundi la wasapu la mtaa. Aliyepokea ataona jina lake limetembezwa.
- Kumchagua unayemwona maskini tu. Peleka kwenye geti kubwa na kwenye chumba kimoja cha tofali za kuchoma, kiasi kile kile, siku ile ile. Watu wataona, na hapo hakuna atakayejiona amehesabiwa.
- Kuuliza baadaye kama walikula. Kama yalikuwa mazuri utaambiwa.

"Siwezi kula cha mtu nisiyemjua"

Hofu hii ipo na naiheshimu. Wengi tulilelewa tukiambiwa tusipokee chakula hovyo, na mama aliyemkataza mwanawe asile kwa jirani alikuwa anamlinda kwa namna aliyoijua. Usimcheke wala usimhubirie. Mfanyie wepesi:

- Peleka kibichi na kizima. Kilichopikwa kisubiri hadi mmeshakaa meza moja.
- Peleka mchana kweupe, watu wakiona.
- Bora zaidi, mwite aje achume mwenyewe. "Mboga zimejaa, pita na kisu chako uchukue unazotaka." Alichokichuma kwa mkono wake hakina maswali.
- Akikataa, kubali mara moja kwa uso mkunjufu. "Hamna neno, mama, tutaonana." Usirudi na maembe, rudi na salamu. Kuna watu ambao watapokea mwaka wa tatu.

Sheria hii ya kibichi na kizima inasaidia pia kiafya. Tunda lililokatwa na kubebwa wazi mtaani ni njia ya magonjwa ya kuhara, na Dar es Salaam haijasahau kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015.

Mama wa genge

Hili halitajwi sana, nami naliona ni la kwanza katika haki. Pale kwenye kona ya mtaa wako kuna mama au kijana anayeuza mchicha, nyanya, ndizi na maembe hayo hayo. Ada ya shule ya watoto wake inatoka kwenye yale mafungu. Ukijaza mtaa maembe ya bure kwa wiki mbili, umemfungia biashara, na yeye ni jirani kama wengine.

Kabla hujagawa, pita kwake umuulize, "Msimu huu unaleta nini?" Kisha chagueni mojawapo:

1. Gawa asivyouza. Kama anauza dodo kutoka sokoni, wewe gawa limau, majani ya mchaichai, matembele.
2. Mpe sehemu ya mavuno auze kwa bei yake, mkubaliane mgao mapema, au umwachie yote. Hapo mwembe wako umemwondolea safari moja ya alfajiri kwenda soko la Mabibo.
3. Gawa kidogo kidogo kwa nyumba nyingi, ili watu waonje na bado wanunue.

Na wale mnaouliza, "Kwa nini nisiuze tu?" Uza! Hakuna aibu. Mwenye miti kumi na mikopo ya benki auze. Ila nyumba iliyo na mti mmoja mara nyingi hupata hela ya vocha kwa maembe ambayo yangeifungulia milango kumi. Pigia hesabu mwenyewe.

Visivyostahili kutoka getini kwako

Hapa msinichukulie kwa wepesi. Zawadi inaweza kuumiza.

- Mboga iliyopuliziwa dawa juzi. Kibandiko cha dawa kinaeleza siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kama kibandiko kimetoka na hukumbuki, usimpe mtu, na wewe usile. Chagua kutumia majivu, maji ya mwarobaini au kutoa wadudu kwa mkono kwenye bustani ya kugawa.
- Mboga za kwenye mtaro. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi ulikuta madini mazito, risasi ikiwemo. Kuosha hakuyatoi, kwa sababu yamenyonywa na mizizi. Kama tuta lako linakunywa maji ya mtaro, karakana au choo, panda maua.
- Muhogo mchungu na kisamvu usichojua asili yake. Sumu yake ni sayanaidi. Mwaka 1985 wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo baada ya kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa ukame. Ukimpa mtu muhogo, mwambie ni mtamu au mchungu. Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vizuri bila kufunikwa, na mgeni wa mboga hiyo aelezwe.
- Mahindi na karanga zenye ukungu. Sumukuvu haiondoki kwa kuosha wala kupika. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Kabla ya kugawa mahindi makavu, jaribu hivi: weka punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani.
- Mbegu za dukani zenye rangi, nyekundu, bluu au kijani. Rangi hiyo inaonya kwamba zimetiwa dawa. Ni za kupandwa tu. Usimpe mtu kama chakula hata njaa ikiwaje.

Miche, mbegu na marando

Tunda huliwa likaisha. Mche hubaki, na kila unapochanua mtu hukumbuka ulikotoka. Kama jirani ana ndoo iliyotoboka au gunia, tayari ana bustani ya matembele: mpe marando matano yenye vifundo vinne vinne, ayachomeke udongo ukiwa na unyevu, na ndani ya wiki chache ataanza kuchuma. Kwa mpangaji anayehamahama hii ni zawadi kubwa kuliko pakacha la maembe.

Lakini magonjwa nayo husafiri kwenye mkono wa ukarimu. Muhogo wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano una batobato. Wenye mizizi iliyooza kwa ndani, yenye madoa ya kahawia, una michirizi ya kahawia. Vipando vyake usivigawe. Migomba ina mnyauko wa bakteria, ambao umetesa sana Kagera na Uganda: majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na ukikata mkungu utomvu wa njano hutoka. Chipukizi la mgomba wa namna hiyo lisitoke hapo lilipo, na panga lililoukata lipashwe moto au lioshwe kwa dawa ya klorini kabla halijagusa mgomba mwingine. Ukiazimwa panga, rudisha limesafishwa.

Mkishakuwa nyumba nyingi

Msiharakishe kuunda chama. Nyumba tatu zinazopelekeana mwaka mzima ni bora kuliko kikundi cha nyumba 30 chenye katiba na mwekahazina. Mkiona mnazidi, tumieni siku ambayo watu wako nje tayari. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mafagio yakishawekwa chini, tandikeni jamvi chini ya mti wenye kivuli, kila mtu alete alichonacho. Masharti ya kutosha ni haya:

- Anayeleta na asiyeleta wote huchukua. Asiyekuwa na bustani alete mikono: kufagia, kubeba, kumpelekea bibi asiyeweza kutembea.
- Watoto hawachukui kabla ya wagonjwa na wazee kutengewa.
- Hakuna daftari la nani alileta nini. Siku daftari litakapoanza, wenye kidogo wataacha kuja.
- Hakuna siasa wala michango ya harusi pale. Balozi na mwenyekiti wa mtaa wakaribishwe kama majirani, hotuba ziwe na mahali pake.
- Kilichobaki kipangiwe pa kwenda kabla jamvi halijakunjwa: kituo cha yatima kilicho karibu kama wanakihitaji, mfugaji wa mbuzi, shimo la mboji.

Kundi la wasapu linasaidia kwa tangazo moja tu: "Kwetu kuna limau, geti liko wazi hadi saa kumi na mbili." Likianza mabishano, lirudisheni kwenye tangazo.

Yanayobaki kuulizwa

*Tawi la mwembe wangu limeingia kwa jirani. Maembe ni ya nani?* Nenda kabla hayajaiva useme, "Yaliyo upande wako ni yenu." Utakuwa umenunua amani kwa maembe ambayo hata hivyo usingeyapata. Na kama majani yanajaza mfereji wa maji wa paa lake, lipia kulikata tawi hilo mwenyewe.

*Jirani sasa anajichumia bila kuomba.* Mwambie mapema na faraghani: "Chukua, ila naomba uniite kwanza, kuna tawi tumeliwekea mgeni." Mara nyingi ni mtu aliyedhani ameruhusiwa moja kwa moja. Ukinyamaza hadi hasira ijae, utasema kisichorudishika.

*Ameniletea kitu nisichokipenda.* Pokea. Mwulize wao hukipikaje. Nyanya chungu zimewashinda wengi hadi walipoonyeshwa namna ya kuziunga kwa nazi na dagaa.

*Mimi ni mgonjwa wa kisukari na mtaa mzima unaniletea maembe.* Sema wazi. "Daktari amenipunguzia matunda matamu, nileteeni bamia na majani." Majirani wema hawawezi kukulinda na wasichokijua.

*Tumegawa, tumekausha, bado yanaanguka.* Msiyaache chini wala msiyatupe nyuma ya ukuta. Nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana pwani ya Kenya mwaka 2003 na kusambaa upesi, hutaga ndani ya embe. Funza wake hutoka, huingia ardhini, na huibuka nzi wapya watakaoingia kwenye miti ya mtaa mzima. Okoteni yaliyoanguka kila jioni. Yasiyo na funza mpelekeeni mwenye mbuzi au nguruwe siku hiyo hiyo. Yaliyobaki yafukieni kwenye shimo lenye kina kisichopungua nusu mita, au yafungeni ndani ya mfuko mweusi wa taka muuache juani siku kadhaa hadi funza wafe. Mwambieni na jirani mwenye mwembe afanye hivyo hivyo jioni hiyo, kwa sababu mkisafisha nyumba moja na nyingine ikaacha, nzi watarudi kabla ya wiki kwisha.